Namba Moja ya Mukuru

Siku tuliyokwenda kuanua matanga ya Anastase, walikuwa wameweka picha yake kubwa mbele ya hema, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kila aliyeshika kipaza sauti aliiinamia kidogo kabla ya kusema, kana kwamba marehemu bado angeweza kumkemea. Nilikaa safu ya tatu, uani kwa mjane wake Kibagabaga, walikohamia uzeeni, na chupa ya Fanta mapajani ambayo sikuifungua. Mmoja akasema marehemu alikuwa baba wa mtandao. Mwingine akasema kizazi kizima cha mafundi wa Kigali kilipita mikononi mwake. Wa tatu, kijana ambaye sidhani kama aliwahi kukutana naye, akasema Mukuru hakuwa mtu wa kujikweza. Hapo nikacheka, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kunitazama. Wafu hawasemwi vibaya, najua. Lakini sijasikia popote kwamba ni lazima wasemwe uongo. Sote tulimwita Mukuru, yaani mkubwa, kama wadogo wanavyomwita kaka yao wa kwanza, na nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikicheka matangani niligundua kwamba hasira niliyokuwa nayo nikiwa msichana haijapungua hata kidogo. Ilikuwa imekaa tu mahali pake, inangoja iitwe.

Nilikuja Kigali kutoka upande wa Karagwe, na mambo ya nyumbani nayaacha hukohuko, hayahusiki. Linalohusika ni kwamba nilikaa Gisozi kwa baba mdogo, aliyeuza bawaba, vitasa na misumari pale Agakiriro, kwenye karakana za mafundi wa samani, na kwamba alikuwa amenipa mwaka mmoja. Hakunipa kwa ubaya. Aliniambia tukiwa tunakula, bila kuinua macho kwenye sahani: "Mwaka mmoja, Dativa. Ukipata kazi ya hizo waya zako, Mungu asifiwe. Usipopata, kibanda kinakungoja. Bawaba haziozi." Nilikuwa nimemaliza chuo, na kila ofisi niliyobisha hodi iliniuliza swali lilelile: umewahi kushika ruta kwa mikono yako? Sikuwahi. Chuoni tulikuwa na ruta mbili ndani ya kabati lenye kufuli, tukazisoma kwa kuzitazama kupitia kioo, kama keki ya arusi ya watu wengine. Hamza, kijana wa Nyamirambo niliyesoma naye, mtoto wa fundi cherehani, ndiye aliyeniambia kuna mzee mmoja Kimisagara amenunua vifaa vikuukuu vya ofisi iliyofungwa, ameviweka nyumbani kwake, na anataka vijana wa kuvichezea pamoja naye. "Ni mzee mzuri, dada," akasema. "Umuheshimu tu."

Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, zamani stoo ya mkaa, na ukikaa humo asubuhi yote ulitoka na vumbi jeusi puani. Kulikuwa na ruta tatu, swichi tatu na meza mbili, na feni za vile vyuma zilivuma kiasi kwamba tuliongea kwa kupayuka. Nyuma ya ukuta palikuwa na karakana ya mchomeleaji, na kila alipogusisha chuma, taa yetu ilipepesa. Jiko la Mama Gisèle, mke wa Mukuru, lilitenganishwa na chumba kwa pazia tu, kwa hiyo nilijifunza njia za mtandao huku nanusa isombe, yaani kisamvu, na maharage, na mpaka leo nikisikia harufu ya isombe vidole vyangu vinatafuta kibodi. Mama huyo alitulisha mwaka mzima bila kutuuliza tunafanya nini. Alikuwa akifunua pazia na kusema, "Chakura iko tayari, mutoto wangu, hizo machine haziendi popote," na alikuwa sahihi kila mara. Kiti chenye mikono kilikuwa kimoja, cha Mukuru. Mimi na Hamza tulikalia kreti za bia. Sahani ya kwanza ilikuwa yake, kikombe cha kwanza chake, na neno la mwisho lake. Sikuwa na ugomvi na hayo. Nimelelewa, nikimpa mkubwa kitu, nampa kwa mikono miwili mpaka leo.

Na nisimnyime haki yake. Alijua kebo. Alitufundisha kuzimenya, kuzipanga nyuzi nane kwa rangi, kuzibana kwenye kichwa cha plastiki kwa koleo mpaka usikie mlio, na kebo aliyoifunga yeye haikulegea. Alisoma Ulaya zamani, alikuwa na kazi ya ofisini, alivaa koti hata kwenye joto. Lakini ofisini kwake kompyuta zote zilikaa kwenye mtandao mmoja mkubwa, kila mtu sebuleni pamoja, na mambo ya kuugawa mtandao vipande na kuviunganisha kwa njia hakuwahi kuyafanya. Kutojua si dhambi. Mimi pia sikujua, ndiyo maana nilikuwa nimekalia kreti.

Kuchora mpango wa anwani, yaani namba ya kila ruta na kila kompyuta, niliachiwa mimi, kwa sababu Hamza alichukia hesabu na Mukuru alisema hizo ni kazi za wanafunzi. Niliomba plaiwudi kwa jirani ya baba mdogo pale Agakiriro, nikaipaka rangi nyeusi, nikaibeba kichwani kutoka Gisozi mpaka Kimisagara, na pale Nyabugogo watu wakanicheka wakasema naenda kufungua shule. Nilikuwa nashuka nayo bondeni mpango uliponijia. Huku kwetu huruki kutoka kilima kwenda kilima. Unashuka, unafika njia panda, unapanda upya. Basi nikasema kila ruta iwe na kilima chake: Gisozi mtandao wa kumi, Kibagabaga wa ishirini, Kimisagara wa thelathini. Watu wa kilima kimoja wanasalimiana bila kushuka, swichi yao inawatosha. Anayemtaka mtu wa kilima kingine lazima apite langoni, na lango ni ruta. Kati ya ruta na ruta unapita waya mmoja wenye ncha mbili, kwa hiyo pale sikupoteza anwani. Nilikata vipande vya anwani nne nne, mbili za kutumia, moja ya kuanzia na moja ya kufungia. Niliandika kwa chaki, nikafuta, nikaandika. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, furaha ya kugawa shamba kubwa ambalo halina ndugu wa kugombea mipaka. Na katika kila kilima, namba moja niliipa ruta. Sikuwa na sababu kubwa. Ndivyo mafundi wengi wanavyofanya, ili mgeni akija asiulize mlango uko wapi.

Mukuru alirudi kutoka kazini, akaketi, akaanza kusoma ubao kuanzia juu. Mama Gisèle alikuwa ametuletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Akanywa funda moja.

"Ma fille," akaniita, yaani binti yangu, "moja iko ya nani?"

"Ya ruta, Mukuru."

"Ya ruta. Na mimi?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Hamza hakucheka. "Wewe unaweza kuchukua yoyote, Mukuru, kuanzia mbili na kuendelea." Yoyote! Nikikumbuka nilivyolitamka neno lile kwa moyo mweupe, najihurumia. Akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo hiki kisanduku kinatangulia, halafu mimi nafuata nyuma, pamoja na printa." Alisema akitabasamu, na mkubwa wa namna ile akitabasamu ndipo unapopaswa kuogopa. Kabla sijajibu, Hamza alikuwa amekwisha kusimama, ameloweka kitambaa, amefuta zile moja tatu na kuandika jina la Mukuru mahali pake kwa herufi kubwa. Mtu mmoja, kompyuta moja, lakini kila kilima kikampa kiti cha mbele. Ruta akazisukuma mwisho kabisa wa kila mtandao. "Ni sawa tu, dada," akanong'ona. "Mashine haina wivu." Kitaalamu alisema kweli. Lango laweza kukaa mwanzo au mwisho, ruta haijali. Nikameza. Wahenga wanasema mkubwa ni jalala, maana yake takataka zote za wadogo humwangukia naye huzipokea. Mimi jalala nililokutana nalo lilikuwa linatupia watu.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo, na sitaki kuikosea heshima kwa sababu ya mwisho wake. Tulizifundisha ruta njia kwa mkono, moja moja: ukitaka Kibagabaga pita huku, ukitaka Kimisagara pita kule. Ruta haikisii; kilima usichoitajia haikijui, na mzigo unaokwenda huko inautupa bila kukuomba radhi. Kuna wiki nzima tulishinda mchana kutwa tukitafuta kwa nini Gisozi haipati jibu la Kimisagara. Tulibadilisha kebo, tukabadilisha swichi, Hamza akaanza kusema chumba kina jini. Kumbe tulikuwa tumeandika njia ya kwenda, tukasahau ya kurudi. Salamu za majaribio zilifika Kimisagara salama, zikapokewa, na jibu halikujua pa kupita. Nilipoandika ule mstari uliokosekana na majibu yakaanza kumiminika kwenye kioo, nilipiga kelele, na Mama Gisèle akaingia mbio na mwiko mkononi akidhani umeme umenipiga. Tulicheka mpaka mchomeleaji akagonga ukuta. Mukuru naye alicheka. Alininunulia brosheti, mishikaki ya huku, siku hiyo, na mbele ya majirani akaniita binti yake. Ndiyo maana naona uchungu. Ningekuwa simpendi, mambo yangekuwa mepesi.

Mwaka ulipokaribia kuisha, alileta habari. Kampuni moja iliyokuwa inafunga mitandao kwenye majengo mapya ilitafuta vijana, na mhandisi wao amekubali kuja kuona chumba chetu kwa macho yake. Nafasi zilikuwa mbili, na sisi tulikuwa wawili. Baba mdogo nilipomwambia aliacha kutafuna, akasema, "Basi nitatafuta mtu mwingine wa kibanda," na hiyo kwake ilikuwa ngoma na vigelegele. Mhandisi alituma sharti moja tu: atachomeka kompyuta yake mwenyewe ya majaribio, na hiyo imewekwa tayari kutafuta lango kwenye namba moja, kama ilivyo kila mahali wanapofanya kazi. Asipolikuta hapo, jaribio halihesabiwi. Kwa hiyo ruta zilipaswa kurudi kwenye namba moja. Nilizirudisha zote. Kompyuta ya Mukuru ndiyo sikuigusa, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Ilikuwa na neno la siri, na mfumo wa Linux aliouweka mwenyewe na kujivunia. Nikangoja amalize kula, nikamwambia kwa adabu zote nilizofundishwa kwamba wiki moja imebaki, wageni wanataka lango liwe namba moja, na kwamba tafadhali kompyuta yake aiandikie hamsini, kwa sababu vitu viwili haviwezi kuwa na anwani moja.

"Nimesikia, ma fille," akasema.

Nilikuwa bado mgeni wa mji huu kiasi cha kudhani kwamba nimesikia ni sawa na nimekubali. Jioni hiyohiyo, nikiwa nakusanya kebo, nilimsikia nyuma ya pazia akimwambia mkewe, "Ameniambia nikuwe hamsini. Hamsini! Hapa kwangu." Mama Gisèle akasema, "Si ni namba tu?" Naye akasema, "Hakuna namba tu." Nilimweleza Hamza. Hamza akaniambia nisitafute maneno, mzee amesema amesikia, atabadilisha, na wallahi nisimkumbushe mara ya pili, nitamfanya aonekane mtoto.

Wageni walikuja Jumamosi ya umuganda, baada ya kazi za mtaa kumalizika. Mukuru alichelewa kwenye mkutano wa mtaa, kwa hiyo mhandisi, mtu mpole mwenye miwani, alianza bila yeye. Alichomeka kompyuta yake upande wa Gisozi na kutuma salamu kwenda Kibagabaga. Majibu yakarudi, mstari chini ya mstari. Akatuma Kimisagara. Yakarudi. Akachomoa waya mmoja wa katikati kwa makusudi, akasubiri, na ruta zikazunguka upande wa pili kama tulivyozifundisha. Akageuka kwenye ubao. "Nani amechora hii?" Nikasema mimi. "Hizi anwani za ruta kwa ruta, nani alikuonyesha kuzikata hivi?" Nikasema nilisoma mwenyewe. Akasema, "Vizuri sana," na aliposema hivyo hakumtazama Hamza, alinitazama mimi. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na kazi. Najua, kwa sababu nilishaanza kufikiri nitavaa viatu gani.

Mukuru akaingia na udongo wa umuganda kwenye viatu. Akawakumbatia wageni mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaketi kwenye kiti chake. Kisha akafungua kompyuta yake na kuichomeka kwenye swichi ya Gisozi, iliyokuwa karibu yake. Mistari kwenye kioo cha mhandisi ikasita. Ikaja miwili, ikakatika. Ukaja mmoja. Ikakatika kabisa.

Nilielewa hata kabla haijakatika. Hata hivyo niliandika amri ya kuhakikisha, kwa sababu sikutaka kumsingizia mtu. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake ya kuzaliwa, na ukiiuliza kompyuta, itakuambia ni kadi ipi inayojibu kwa anwani fulani. Anwani ya lango haikuwa inajibiwa na ruta tena. Ilijibiwa na kadi ya Mukuru. Mizigo yote iliyotaka kutoka Gisozi ilikuwa inamwendea yeye, naye, yaani ile kompyuta yake, haikujua njia ya kilima chochote, ikaitupa yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyoimbishwa shuleni. Mimi nilisikia la mkuu mwaka mzima, na mguu uliovunjika ulikuwa wangu.

"Mukuru," nikasema, "chomoa kompyuta yako."

Sikupayuka. Nilisema kama unavyomwambia mtu moto umeshika pazia. Hamza akanikanyaga mguu. Mhandisi akavua miwani akaanza kuifuta. Nikanyoosha mkono kuivuta ile kebo mwenyewe, na Mukuru akaufunika mchomeko kwa kiganja chake, taratibu, bila hasira, huku akiwatabasamia wageni. "Binti amechoka," akasema. "Mpango huu wote ni wake, mimi nilimwachia ajaribu. Vijana, voilà, wanajifunza kwa kuanguka." Nikamtazama Hamza. Hamza alikuwa anajua kila kitu nilichokuwa najua. Alikuwapo nilipokizungumza, na macho yake yalikuwa yanasoma kioo kilekile. Akasema, "Labda ni umeme, Mukuru. Yule mchomeleaji." Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu akapita, akanipitia mimi.

"Hakuna shida," mhandisi akasema, "iko sawa, iko sawa," na mtu akisema hivyo mara mbili ujue haiko sawa. Wakatolewa nje kula, kompyuta ya mhandisi ikabaki mezani inaendelea kutuma salamu zisizojibiwa. Mukuru akaniambia Fanta hazitoshi, nikimbie dukani. Nami nikaenda. Niliyekuwa na akili ya kugawa mitandao nilikwenda kununua soda, kwa sababu mkubwa ameagiza na wageni wapo. Niliporudi na chupa, nilipita chumbani kwanza. Kompyuta ya Mukuru bado imechomekwa, kioo cha mhandisi bado kimekufa. Wageni wakanywa, wakashukuru, wakaondoka. Baada ya siku chache Hamza akapigiwa simu. Mimi sikupigiwa. Nafasi ya pili, tulisikia, walimpa kijana wa kwingine.

Nilirudi Agakiriro kuuza bawaba, na mwaka wangu ukaishia hapo. Habari ilinitangulia: yule msichana aliyemwaibisha mzee mbele ya wageni, nyumbani kwake, akila chakula chake. Baba mdogo mwenyewe alinishauri niende kuomba radhi. Sikwenda. Nilinunua ruta moja kuukuu, kisha ya pili, nikazifunga nyuma ya rafu za vitasa, na mafundi seremala walipokuja kununua bawaba walinikuta nimepiga magoti ninazungumza na kisanduku. Ilichukua muda mrefu kuliko ingepaswa, lakini leo nina mafundi wangu na kazi yangu, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawafundisha kitu kimoja kabla ya kebo: ukiona kosa, litaje, hata kama limevaa koti. Watu huniambia, unaona, mambo yalikuendea vizuri, Mungu ana mipango yake. Hapana. Mpango ulikuwa wangu, nilikuwa nimeuchora kwenye plaiwudi, na ulikuwa unafanya kazi.

Miaka yote nilimwachia Anastase kijisababu kimoja. Nilijiambia hakuelewa. Kwamba aliposhikilia ile namba hakujua inafanya nini, alidhani ni cheo tu, na labda kwa moyo wake aliamini kweli kwamba mpango wangu ulikuwa mbovu. Niliweza kumkasirikia kwa kiburi, na kwa kiburi mtu anaweza kumkasirikia mzazi wake na bado akamzika. Ndiyo maana nilikwenda Kibagabaga. Hotuba zilipokuwa zinaendelea, Mama Gisèle akanigusa bega na kuniita jikoni, nikadhani anataka nimsaidie sahani. Amezeeka. Alifunga mlango, akashika mikono yangu yote miwili.

"Ile siku ya wageni," akasema, "umekumbuka, wakati alikutuma Fanta? Mimi nilikuwa nabeba sahani, nikapita pale kwa chumba. Alikuwa iko peke yake. Alitoa ile waya ya kompyuta yake. Na ile machine ya mugeni ikaanza tena, yale maandishi yakatembea, yakatembea. Alisimama akayaangalia."

"Halafu?"

"Halafu akarudisha waya."

Nje Hamza, mshereheshaji wa siku ile, alikuwa anamkaribisha msemaji mwingine.

"Aliniona," Mama Gisèle akasema. "Akaniambia, funga mlango. Nikafunga. Alikuwa bwana yangu, mutoto wangu, ningesema nini? Sasa nimekuambia. Lakini usiseme huko nje. Leo ni siku yake."

Nilimuuliza kwa nini ananiambia leo, kwa nini si siku nyingine yoyote katika miaka yote hiyo. Akasema aliniona nikicheka pale hemani, akaona nina hasira ya mtu asiyejua bado yote. Ni mwanamke mwenye akili kuliko sisi wote, na alilishwa ukimya kama sisi tulivyolishwa isombe. Nilitaka kumkasirikia yeye pia na sikuweza. Hasira yote ilikwenda kwa yule mtu aliyesimama peke yake mbele ya kioo, akaona mwaka wangu unafufuka mstari baada ya mstari, wala hakukuwa na mtu wa kumcheka pale, wala mgeni wa kumdharau, akarudisha waya.

Niliporudi kwenye kiti, Hamza alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Siku hizi ni bosi wa mafundi kwenye kampuni ileile, ana tumbo na suti, na vijana wake wanampa simu yake kwa mikono miwili. Aliniona. "Na sasa," akasema, "dada yetu Dativa, mutoto wa kwanza wa Mukuru kwa hii kazi. Aje atuambie namna alivyomufundisha." Watu wakapiga makofi. Nikaenda mbele. Sikuiinamia picha.

Niliwashukuru kwanza kwa chakula, kwa sababu chakula kilikuwa cha kweli na aliyekipika alikuwa amesimama mlangoni pa jiko ananitazama. Nilisema marehemu alinifundisha kufunga kebo, na kebo zake hazikulegea. Naye Mama Gisèle akafunga macho, akidhani naanza kumwaga yote, na kusema kweli yalikuwa yamenifika mdomoni. Lakini alikuwa ameniomba. Basi nikageuka, nikawapa watu wote kisogo, nikaitazama ile picha yenye koti na tabasamu, nikasema kwa sauti ileile ya siku ile: "Mukuru, chomoa kompyuta yako."

Hema likacheka. Walidhani ni utani wa kazini, wa mwanafunzi na mwalimu wake, wengine wakapiga makofi tena. Mhandisi mwenye miwani, ambaye sikujua kama yupo, alikuwa safu ya mbele, na yeye hakupiga makofi. Hamza alikuwa amesimama pembeni yangu na mkono wake nje akingoja kipaza sauti, uso umemshuka. Nikampa kwa mkono mmoja.